Usimtumie Mama Ile Dawa ya Fizi

Kwa Fundi Dishon,
Soko la Rangwe,
Kaunti ya Homa Bay.

Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa nyamera, dada yangu Beverly,

Pokea salamu zangu, za asubuhi na za jioni pamoja, maana sijui huko Doha barua hii utaifungua saa gani. Natumaini u mzima, mgongo umetulia, na yule bibi unayemtunza hajarudia kukuamsha umtafutie miwani aliyoivaa. Sisi hapa tu wazima. Niseme vizuri: leo tu wazima. Ningeandika hivyo wiki iliyopita, ningekuwa mwongo.

Usishtuke. Mama yupo. Ninapoandika amekaa mbele ya nyumba yake anachambua maharagwe na kumkaripia jogoo. Nimeona nikupe hilo kwanza ili yaliyobaki uyasome ukiwa umekaa.

Mvua imetunyeshea kwa fujo na njia ya kuingia kwetu imekuwa uji. Mjomba Wangwe alituletea omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Karungu, mchanga kidogo, omena nyingi, kwa hiyo safari hii hakutuibia. Ng'ombe mweusi amezaa, na Mama amempa ndama jina lako. Nilimwambia ndama ni dume. Akasema jina ni jina.

Utajiuliza kwa nini naandika kwenye karatasi kama babu zetu ilhali simu iko mfukoni. Simu ndiyo shida. Ukipiga, Mama huamuru tuweke sauti kubwa, na majirani husogeza viti. Ukituma ujumbe, humwita binti yangu ausome wote, kuanzia juu hadi chini, na mtoto akiruka neno Mama hujua, sijui kwa njia gani. Kwa hiyo barua hii nampa Valentine, binti wa jirani, ambaye anasafiri Jumatano kuja kufanya kazi huko huko kwenu. Nimeamua kuifunga kwa gundi ya kubandikia vioo vya simu. Ukiikuta wazi, jua Valentine ana meno makali.

Sasa sikiliza. Jambo lenyewe linaanza na wewe, ingawa hukukosa. Unakumbuka siku ya kuondoka ulivyomshika Levi mkono ukamwapisha kwamba hatagusa sigara tena? Ndugu yetu ni mtu wa neno lake. Hajagusa. Nguo zake hazinuki tena, vidole vimerudia rangi yake, na kila Ijumaa akirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Osiri kabla jua halijazama, anamwamkia Mama uso kwa uso, bila kugeuza kichwa pembeni kama zamani. Mama alisimama kanisani akashukuru kwamba Bwana amemtoa mwanawe kwenye moshi. Na kweli kwenye moshi alitoka. Ila hakuna aliyeuliza amekwenda wapi.

Tukaanza kusikia kwikwi. Levi akija, haipiti jioni bila kwikwi kumshika. Mama alikuwa na jibu lake, lile lile alilorithi kwa mama yake: mtu akipigwa na kwikwi, kuna mwenziwe wa mbali anamtaja. Na sisi wa mbali tunaye mmoja tu. Jioni moja kwikwi zilimpata Levi katikati ya sala ya kuifungua Sabato. Mama akaikatiza sala, akasema, "Asante Beverly, tumekusikia," kisha akaenda zake hadi Amina. Mimi nami niliamini. Najidai mtu wa kuchunguza vitu, lakini jambo likinipendeza silifungui kifuniko.

Mengine tuliyaona pia tukayapa majina yake. Akila nusu ya sahani na kushika tumbo, tulisema ni maji ya Osiri. Akikaa goti linapiga kama cherehani na usingizi hauji, tulisema ni uchovu. Akilalamika kichwa, tulisema ni kelele za mashine za kusaga mawe. Akitema mate kila mara, Mama alisema ni vumbi linatoka, acha litoke. Beverly, Osiri ile imebebeshwa dhambi nyingi ambazo si zake.

Halafu Mama akakipata kikopo. Alikuwa anafua suruali ya Levi. Kikopo cha mviringo, kizuri, bapa kama cha dawa ya kung'arisha viatu lakini kidogo, na ndani kumejaa vifuko vyeupe vinavyonukia mnanaa, kama majani ya chai yaliyofungiwa mwanasesere. Akamwita Levi.

"Hii ni nini?"

"Ni dawa ya fizi, Mama. Unaweka hapa chini ya mdomo wa juu, unaiacha."

"Inaponya?"

"Inatuliza."

Hilo la kutuliza, tuseme haki, halikuwa uongo. Mama akamrudishia kikopo chake, akamwambia pole kwa fizi. Na mambo yangeishia hapo kama si lile gego lake la kushoto, unalijua, lililokataa koleo tangu Baba angali hai.

Unamjua Mama yetu ni nani. Idara ya Afya na Kiasi ya kanisa letu ni yeye. Makambi yote ya kanisa ni yeye anayewapanga watoto mbele waimbe madhara ya tumbaku. Yule shemasi wa zamani aliyekutwa na ugoro kwenye leso alihamia kanisa lingine kwa sababu ya macho ya Mama tu, hakuna aliyemfukuza. Hata majani ya chai hayavuki mlango wake. Mwili ule haujapata kujua kileo wala kichangamshi cha aina yoyote. Kumbuka hilo.

Sabato ya wiki iliyopita gego liliamka kabla yake. Levi alikuwa anaoga. Suruali yake ilikuwa kwenye msumari, kikopo mfukoni. Mama akachukua kifuko kimoja, akakiweka alivyomwona Levi akionyesha. Halafu, kwa kuwa ni mtu anayeamini dozi kamili, akaongeza cha pili upande wa pili. Akavaa kitambaa chake cheupe, akaenda kanisani.

Siku hiyo ilikuwa ya Meza ya Bwana, na kabla ya meza, kama ujuavyo, tunaoshana miguu. Wanawake wako chumba chao, kwa hiyo haya yanayofuata nimepewa na Damaris, yule mama wa Kisii anayeuza nyanya karibu na kibanda changu. Mama alipiga magoti mbele yake na beseni. Kwikwi zikaanza. Akacheka, akasema, "Huyu Beverly ananitaja mpaka kwenye miguu ya watu." Damaris akaona jasho limemjaa usoni wakati chumba ni baridi. Mama akamwuliza kwa nini maji ya beseni yanazunguka. Damaris akasema hayazunguki. Mama akamshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili, kama mtu anayeshikilia mti kwenye mafuriko, halafu akatapika ndani ya beseni.

"Phelesia," Damaris akamwambia, "ni miguu yangu?"

Anasema alitania kwa sababu aliogopa.

Nilipoitwa nilimkuta tayari juu ya boda boda, Damaris nyuma yake amemkumbatia, Levi anakimbia pembeni kwa miguu. Midomo ya Mama ilikuwa imepauka. Alikuwa anasema moyo wake unataka kutoka, uacheni utoke, lakini Dishon asisahau kufungia kuku. Nyamera, nilitembea nyuma ya boda boda ile nikifikiria maneno ya kukuambia.

Kwenye kliniki tulipokelewa na daktari kijana, Bogonko, mpole, asiyependa kupiga kelele. Akampima. Presha ilikuwa juu na mapigo yanakwenda mbio. Akamlaza kwa ubavu, akauliza amekula nini. Mama akasema hajala, ni siku ya Meza ya Bwana. Amemeza dawa gani? Za presha tu, za kila siku. Na nyingine? Ndipo Mama, mtu asiyeweza kumficha daktari kitu, akasema kwa sauti nyembamba, "Ile dawa ya fizi ya mwanangu." Akatoa leso. Ndani yake mlikuwa na vile vifuko viwili. Alikuwa amevitema na kuvihifadhi, kwa sababu havikuwa vimeisha ladha.

Nikamtazama Levi pale mlangoni. Alikuwa na rangi ya jivu, na mdomo wa juu, upande mmoja, ulikuwa umetuna kidogo. Nikamvuta nje. "Lete kikopo," nikamwambia. Akaleta. Maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa, lakini lenzi yangu ya kutengenezea simu siachani nayo hata Sabato. Nikasoma mara ya kwanza, nikafuta lenzi, nikasoma tena. Nikotini. Ndawa, Beverly, tumbaku yenyewe. Yale yale ya kwenye sigara, ila yameoshwa na kutiwa mnanaa.

"Uliapa," nikamwambia.

"Niliapa sigara, Dishon. Hii haina moshi."

"Hata nyoka hana moshi."

Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamgeukia. Sijamwona Levi akilia tangu mazishi ya Baba. Akanieleza kwamba kule mashimoni hawaruhusu mtu kuwasha kitu, na mwenye duka mmoja alimwambia hivi vifuko ni njia safi ya kuacha sigara, hata askofu anaweza kuvitumia. Siku za kwanza kichwa kilimzunguka akiwa kwenye ngazi ya shimo, ikabidi aikumbatie amefumba macho huku wenzake wa chini wakimpigia kelele, "Wewe, umekuwa popo?" Akazoea. Sasa asipoweka, kichwa kinamgonga na anagombana hata na mawe. Ndani ya mdomo ana kidonda cheupe pale anapoweka. Nilikiona. Kumbe fizi kweli zilikuwa zinataka dawa.

Nilimwambia Bogonko pembeni. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema mwili usioizoea nikotini ukiipokea kwa wingi hivyo hufanya hivyo hivyo: kizunguzungu, jasho, kichefuchefu, moyo kukimbia. Kwa wengi hupita baada ya saa chache, lakini kwa mzee mwenye presha hataki kubahatisha. Kama moyo hautatulia mapema, atampeleka Homa Bay kwenye hospitali kubwa. Akampima Levi pia, akatikisa kichwa. Nikamwuliza, na kwikwi? Akasema hizo ndizo za kwanza kabisa watu wanazolalamikia.

Kwa hiyo kwikwi za Levi, miezi yote hiyo, hazikuwa wewe. Nakuomba radhi kwa kukusingizia mapenzi.

Tulikaa kwenye benchi mpaka jioni, mimi, Levi na Damaris, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa haujaoshwa. Kila nesi akitoka tunasimama wote watatu. Moyo ulishuka polepole, presha ikafuata. Jua lilipokaribia kuzama Mama akafungua macho akauliza ni nani amefungia kuku. Damaris akasema "Mungu ni mwema" kwa lugha yake, nami nikasema kwa yetu.

Sasa ndio nafika kwenye sababu ya barua. Bogonko alimwambia Mama kwamba ile dawa haipatani na presha yake, asiiguse tena. Hakusema ni nini. Nilimwomba mimi asiseme. Levi alitaka kusema pale pale, nikamkanyaga mguu. Maana unajua Mama atafanya nini. Atasimama mbele ya kanisa Sabato inayofuata, aungame tumbaku ambayo hakujua ni tumbaku, aiache idara yake, na kukaa kiti cha nyuma mpaka Yesu arudi. Niliona nimemlinda. Wiki nzima sasa naona huenda nimemtega.

Kwa sababu, dada yangu, Mama amelisikia katazo lakini anakumbuka kitu kingine. Alimwambia daktari waziwazi, "Ila kabla ya kutapika, Daktari, lile gego lilinyamaza kabisa." Bogonko akasema ni mnanaa ulitia ganzi. Mama hakuuridhia mnanaa. Tangu hapo anaitafuta. Alimwuliza Levi, Levi akasema amekitupa kikopo chooni, na nilimwona akikitupa. Alimwuliza Damaris kama Kisii kuna. Aliniomba nitafute kwenye simu. Anasema kosa lake lilikuwa kipimo, viwili ni vya kijana, mama mzee anahitaji nusu. Mkasi anao.

Na mpango wake mkubwa ni wewe. Anasema uko nchi ya hospitali kubwa, utamtumia ile halisi. Jumapili iliyopita mtandao uliniokoa, na leo wewe ulikuwa kazini. Jumapili ijayo atakuuliza, sauti kubwa, viti vimesogezwa. Amekwisha jifunza namna ya kukieleza kikopo.

Usimtumie. Wala usishtuke akikuuliza, maana anasikia hata mtu anavyovuta pumzi. Mwambie watu wa huko hawaijui dawa hiyo. Mwambie ang'oe lile gego, hapa hapa, Bogonko anajua nani wa kumpeleka kwake. Mimi nimesema miaka yote na kwake mimi ni fundi redio. Wewe ukisema kutoka huko ndege zinakopita, atasema ni neno. Na nipe shauri lako: nimwambie ukweli au nisimwambie? Nikilala naona yuko sawa, nikiamka naona beseni.

Levi alikuja Ijumaa. Mikono inamtetemeka, ana hasira za karibu, lakini amekwenda kwa Bogonko kama alivyoagizwa, na anasema anajaribu. Jioni nzima hakupata kwikwi hata moja. Mama akamtazama kwa huruma akamwambia, "Pole nyathina, mwanangu. Naona Beverly siku hizi amekusahau." Levi akatoka nje.

Jumanne, 18 Novemba

Nilikuwa nimeshapaka gundi. Nimeifungua tena, ndio maana bahasha ina kovu.

Jioni hii, kuku wakiingia, nilikuwa nje nakaza bawaba ya dirisha la Mama. Nikasikia ndani: kwik. Nikaacha bisibisi. Kwik tena.

"Mama, ni nini hiyo?"

"Ni Beverly."

"Umekula kitu?"

"Nimetajwa tu, Dishon. Wewe hutaki nitajwe?"

Nikaingia mpaka kwenye pazia la chumba chake. Alikuwa amejilaza, kiganja kwenye shavu la kushoto, uso umetulia kama wa mtu ambaye jino halimuumi. Nikamwomba afungue mdomo. Akaniambia, "Mimi ndiye niliyekufundisha kufungua mdomo, na nilikufundisha kwa uji." Nikabaki pale kwenye pazia. Mtoto wa kiume wa kwetu hainui godoro la mama yake, unajua, wala mke wangu hawezi kulikaribia. Ni wewe tu ungeingia ukaketi pale, ukapitisha mkono chini ya mto kama unautandika. Na wewe uko Doha. Binti yangu angeweza, mjukuu hana mipaka, lakini akipata kitu atakitangaza mpaka sokoni.

Nilikaa nje mpaka akatoka, akatembea sawa, hakutoka jasho, akaomba uji akaumaliza. Moyo wangu ndio uliokuwa unakimbia. Damaris amekubali kulala kwake leo, kwa kisingizio kwamba anataka kujifunza wimbo wa makambi. Kesho asubuhi, Valentine akishaondoka, nitakwenda kwa Bogonko. Najiuliza kuhusu ile leso ya kliniki. Ilifuliwa na nani, na vile vifuko viwili vilikwenda wapi? Sikuwahi kuuliza. Au labda hakuna kitu, ni jino limepumzika, na mimi nimekuwa mgonjwa wa kusikiliza.

Kwa hiyo jibu langu liko kwako. Jumanne jioni, jua likishuka huku kwetu, ulikuwa unamtaja Mama? Fikiri vizuri. Jumapili usinijibu waziwazi. Nitakuuliza hali ya hewa. Kama ulimtaja, sema joto limepungua, nami nitalala. Kama hukumtaja, sema joto ni lile lile, nami nitajua kwamba wakati wa kumficha Mama umekwisha. Nitamwambia mimi mwenyewe, Levi akiwa amekaa kando yangu, na tutaona kama kiti cha nyuma kina nafasi ya watatu.

Mjomba Wangwe anakusalimu, Damaris anakusalimu kwa miguu yote miwili, na Levi anasema bado hajagusa sigara, lakini alilisema hilo akitazama chini. Ndama Beverly anakua. Mungu aliyekuvusha kwenda akulinde huko, akupe siku za mapumziko na mabosi wenye haya, na akurudishe ukiwa na nguvu za kuinua godoro.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nisipokutaja,

Dishon

Nisisahau. Kuanzia leo, tafadhali, mtaje Mama asubuhi tu. Jioni utuachie sisi tusikilize.